Chale Tatu za Kifuani

Siku ya tatu tangu askari wa serikali wauteke tena mji, walimuua Michel, fundi wa cherehani, mbele ya mlango wake mwenyewe, kwa sababu ya alama mbili alizokuwa nazo kifuani. Michel alisema ni chale za homa, alichanjwa na shangazi yake kule Nyunzu. Alisema kweli. Aliisema mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na mara ya tatu hakuimaliza. Emérance aliyaona yote kupitia ufa wa dirisha, mwiko wa bugali ungali mkononi. Alipogeuka alimkuta mumewe Valère amesimama katikati ya nyumba, anajifunga shati mpaka kifungo cha shingoni, ingawa jua la mwisho wa kiangazi lilikuwa likichoma mabati.

Mtu ambaye hakuwepo Albertville mwaka ule wa 1964 atauliza, chale za kifuani ni kosa gani? Zilikuwa kosa la kufa. Waasi walioushika mji tangu mwezi wa sita walichanjwa na kupakwa dawa, wakaamini kwamba risasi ikiwafikia itageuka maji. Wengi wao sasa walikuwa wamelala kandokando ya ziwa na nzi wao, na risasi haikugeuka kitu. Waliobaki walivua manyoya na ngozi walizovaa vitani, wakajichanganya na watu. Basi askari hawakuhangaika tena na vitambulisho. Walikuwa wakisema kwa Kilingala, "Longola chemise," nawe unavua shati, na kifua chako ndicho kinachojibu.

Valère alikuwa na chale tatu, za siku kumi na tisa, bado nyekundu. Emérance naye alikuwa na tatu, mahali pale pale, katikati ya matiti, chini ya blauzi yenye vifungo sita. Wakati wa waasi Valère alianza kuumwa kifua, na kwa kuwa mmoja wao alikuwa amemgonga kifuani kwa kitako cha bunduki siku kreni ya bandarini aliyokuwa fundi wake ilipokwama, kila mtu alijua sababu: ni mbavu. Mama Séraphine, mganga wa miti shamba, alipoitwa aliwachanja wote wawili kwa wembe mmoja.

"Kifua cha bwana na cha bibi ni nyumba moja," alisema. "Nikifunga mulango mumoja na kuacha wa pili, kazi yangu ni ya nini?"

Emérance alikuwa mama wa Legio ya Maria kanisani. Alikubali kwa ajili ya mumewe, kisha akaona haya, na haya hiyo hakuipeleka hata kwa padri kitubioni. Aliifungia vifungo.

Michel alizikwa nyuma ya nyumba yake, saa sita mchana, kwa maana njia ya makaburini ilipita kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani. Valère alichukua koleo. Mdogo wake Symphorien na jirani yao Barthélemy walimwambia apumzike, wao wangetosha, lakini hakuwasikiliza. Michel ndiye aliyewashonea nguo za ubatizo wa binti yao Martine, na alikataa kuchukua chochote. Valère alichimba kwa hasira, kama mtu anayeipiga ardhi. Kisha akaacha koleo lianguke, akaketi juu ya udongo, mkono umekunja ngumi katikati ya kifua.

"Ni mbavu," alisema. "Itaacha."

Haikuacha. Walimwingiza ndani, wakamlaza, Emérance akapasha mawese moto amkande alivyozoea kumkanda. Alipofungua shati lake lilikuwa limelowa, na kifua kilikuwa cha baridi kama samaki aliyetoka majini. Aliuacha mkono wake pale, mafuta yanadondoka, na kwa mara ya kwanza aliogopa kitu kingine zaidi ya askari.

Akatoka mbio mpaka nyumba ya tatu, kwa Lambert, muuguzi wa hospitali, aliyekuwa amekuja nyumbani kubadili nguo zenye damu. Wiki nzima alikuwa anafunga vidonda na kukata miguu. Alikuja akiwa na kitambaa cheupe mkononi, hata shati hakulivaa vizuri.

"Papa Valère, weka kidole penye kuuma."

Valère hakuweka kidole. Aliweka ngumi nzima.

Lambert akazibonyeza mbavu, moja baada ya nyingine. "Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Vuta pumzi kwa nguvu. Inakuchoma?"

"Haichomi. Inalemea. Ni sawa vile muntu amenikalia."

"Na inakwenda wapi?"

"Kwa mukono huu wa kushoto. Na kwa taya, sawa jino."

"Unakohoa? Ulipata homa?"

"Hapana."

"Amekula nini?"

"Hakula kitu," alisema Emérance. "Tangu wamuue Michel hatujaweka kitu kinywani."

"Siku zile ingine, ilikuwa inakuja wakati gani?"

Valère alifikiri, macho yamefumba. "Nikipanda ngazi ya kreni. Nikikaa, inaacha."

"Na sasa umelala. Imeacha?"

Valère akatikisa kichwa.

Lambert akamvuta Emérance mpaka mlangoni. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye kupenda kufundisha hata asipoulizwa, na majirani walikuwa wakimcheka kwa hilo. Siku ile aliyafupisha.

"Mama Martine, nisikie muzuri. Mbavu yenye kuvunjika, ukiibonyeza muntu analia. Ya mapafu inakuja na homa na kukohoa, na inachoma ukivuta pumzi. Ya tumbo inapanda ukisha kula. Hii haiko moja ya zile. Yenye kulemea, yenye kwenda kwa mukono na taya, yenye jasho baridi, na ukipumzika haiache: ile njo moyo. Ile haingoje kesho. Haingoje hata saa moja."

"Lakini walimupiga na bunduki. Kila muntu aliona."

"Walimupiga, ndiyo. Wageni wawili hawawezi kuingia nyumba moja? Ngazi ya kreni ilikuwa inamwambia tangu zamani, nanyi mukaendelea kumukanda mafuta."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa hakuna aliyeficha. Waliyatazama maradhi kila siku, wakayaita kwa jina la mengine.

"Mumupeleke hospitali sasa hivi," Lambert alisema. "Na asitembee. Hata hatua moja. Mumubebe. Gari ya wagonjwa askari wameichukua." Kisha akashusha sauti. "Na zile chale?"

"Ni Mama Séraphine. Kwa ajili ya hiki kifua."

"Kwa bariyeri museme vile, mara moja. Musizungukezunguke."

"Michel alisema kweli."

Lambert akatazama kule nyuma, kaburi lilikokuwa bado halijafunikwa vizuri. "Ningepita pamoja nanyi. Lakini niliwafunga vidonda wale waasi pia, na wananitafutia sababu. Wakiniona nimesimama na muntu mwenye chale, tutazikwa wote. Natangulia na baiskeli, nitayarishe kitanda na sindano."

Emérance alitaka kumwambia za kwake. Neno lilifika kooni. Lakini Lambert alikuwa jirani, mwanamume, tena mwenye kucheka mambo ya wafumu na miti shamba yao. Akalimeza, na baiskeli ikaondoka.

Symphorien na Barthélemy walifunga kiti cha mezani kwenye mianzi miwili. Valère alipokiona aligeuza uso.

"Ile ni kipoyi," alisema. "Baba yangu alibeba wazungu kwa kipoyi, kutoka Mpala mpaka huku. Alikufa na makovu ya mabega. Mimi sikae kwa kitu ile."

"Papa Martine, kaa."

"Watanicheka."

"Wacha wacheke. Kaa."

Alikaa. Alikuwa mtu mwenye mifupa mikubwa, na mianzi ililia walipomwinua. Emérance alitembea kando yake na mwavuli mweusi wa kanisani, amkinge jua. Njiani hapakuwa na mtu. Mbele ya duka lililovunjwa mlango palikuwa na kiatu kimoja cha mtoto na damu iliyokauka, na wote wanne walipita wakitazama kilima.

Bariyeri ilikuwa pale barabara inapokata reli: gogo moja juu ya mapipa mawili. Kando yake kulikuwa na mkeka, na chini ya mkeka miguu ya watu wawili. Askari walikuwa watano. Aliyewaongoza alikuwa kaporali kijana, miwani myeusi usoni na saa ya kike kwenye kila mkono. Wa sita, sajini mwenye mvi, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha behewa, anatafuna ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka kwenye karatasi.

Kaporali alipoona kipoyi alicheka mpaka akavua miwani. "Nani huyu? Gavana?"

"Ni kaka yangu, shefu," Symphorien alisema. "Ni mugonjwa wa moyo. Munganga amesema asitembee."

"Munganga anaamuru hapa?"

Kitako cha bunduki kilimpata Symphorien mdomoni. Aliachia mwanzi, kiti kikaanguka upande, Valère akabingirika kwenye changarawe za reli. Emérance aliinama kumwinua, buti likamsukuma begani akakaa chini. Mwavuli ulikwenda zake ukibingirika, na askari mmoja akaufyatulia risasi. Wenzake wakampigia makofi.

"Telema," kaporali alisema. Valère akasimama, sijui kwa nguvu gani. "Longola chemise."

Valère akashika kifungo cha kwanza. Kaporali hakungoja. Alishika shati kifuani akalichana mpaka chini.

Chale tatu zilionekana waziwazi, zinang'aa kwa mawese ambayo Emérance mwenyewe alikuwa amezipaka.

Hakuna aliyecheka tena. Barthélemy aliacha mwanzi wake taratibu, akanyanyua mikono juu kabla ya kuambiwa.

"Nini hii?" kaporali aliuliza.

Hapo ndipo Emérance alipotakiwa kusema. Alifungua kinywa akauona mlango wa Michel. "Ni chuma, shefu," alisema. "Alianguka juu ya chuma, bandarini."

"Chuma kimoja kinakata mara tatu, sawasawa, na rula?"

"Ni... aliungua kwanza. Njo akaanguka."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Emérance iliishia pale pale. Kaporali alimpiga kofi, halafu la pili kwa upande mwingine ili yalingane. Kisha akamgeukia Valère. Alisema dawa ya waasi inakaa kwenye damu, na kabla ya kumpiga mtu risasi ni lazima itikiswe itoke, la sivyo risasi itapotea bure. Kama aliamini au alikuwa anacheza, hakuna ajuaye. Alimwamuru Valère achuchumae, ashike masikio, aruke kichura kutoka reli ya kwanza hadi ya pili na kurudi.

"Hawezi," Emérance alisema. "Shefu, nakuomba, hawezi."

"Wale wa dawa wanaweza kila kitu."

Valère aliruka. Mtu wa miaka hamsini na mbili, fundi aliyefundisha nusu ya vijana wa bandari, aliruka kama chura mbele ya watoto wenye bunduki, na kila alipotua alitoa sauti ndogo. Askari walihesabu kwa wimbo. Symphorien alikuwa amelala kifudifudi anatema meno, buti juu ya shingo yake. Valère alipoanguka walimpiga mateke ya mgongoni mpaka akachuchumaa tena. Jua lilisogea. Emérance alisema ni mbu. Akasema ni upele. Akasema alimchana yeye mwenyewe kwa kucha, katika ugomvi wa nyumbani, na hapo askari walicheka, wakataka kujua walichokuwa wakigombania.

Wakati wote huo mkono wake ulikuwa kwenye kifungo cha juu cha blauzi.

Tusimhukumu haraka. Wiki ile ile wanawake wawili walivuliwa nguo sokoni, na hawakurudi nyumbani wakiwa walivyokuwa. Shemeji yake alikuwa pale, na jirani yake, na wanaume sita wasiomjua mama wala dada. Tena alijua kwamba chale za mke zingeweza kumuua mke. Aliona haya na aliogopa, na havikupimika kipi kilizidi. Alishika kifungo akakiacha, akakishika tena.

Kaporali alichoka na mchezo. Akamwinua Valère kwa nywele, akamwegemeza kwenye gogo, akamwekea mdomo wa bunduki juu ya chale ya katikati. Chuma kilisikika kikivutwa na kurudi.

"Tuone maji," alisema.

Emérance alifungua blauzi. Hakufungua kifungo kimoja kimoja, aliivuta kwa mikono miwili na vifungo viliruka juu ya reli. Alijiingiza kati ya bunduki na mumewe, kifua wazi.

"Angalia. Ni sawasawa na zake. Tulichanjwa siku moja, na wembe mumoja, kwa ugonjwa wa kifua. Ukimupiga yeye, unipige na mimi."

Askari mmoja alipiga mluzi. Mwingine alisema neno ambalo halifai kuandikwa. Kaporali alikunja uso, kidole bado kiko mahali pake.

Ndipo sajini aliyekuwa anatafuna ndagala akainuka. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaja bila haraka, akatazama kifua cha mume, akatazama cha mke.

"Acha," alisema, kwa Kiswahili cha Maniema, ili na mama asikie. "Dawa ya wale watu, mwanamuke akiigusa inakufa. Hawali chakula kilichopikwa na mwanamuke. Hawasalimiane naye na mukono. Sasa wewe uliona wapi muasi anachanjwa pamoja na bibi yake? Hii ni dawa ya nyumba. Hata huko kwetu iko."

Kaporali akaitemea mate reli. "Sasa bibi alificha kwa nini muda wote huu?"

Sajini akamtazama Emérance. "Wapite," alisema, akarudi kwenye ndagala wake.

Walimwinua Valère wakamkalisha. Symphorien alibeba mbele, damu inamchuruzika mpaka shingoni. Midomo ya Valère ilikuwa ya rangi ya majivu. Kichwa chake kiliyumba kwa kila hatua, na Emérance alikishika kwa mkono mmoja, wa pili akimfunga shati lililochanika. Paa la hospitali lilipoonekana alifungua macho.

"Mama Martine," alisema. "Funga blauzi. Watu wanaona."

Kisha akafumba macho tena.

Lambert alikuwa mlangoni, na sindano ilikuwa tayari kweli. Walimchoma, wakamlaza bila kumtikisa, wakamfungulia dirisha la upande wa ziwa. Alipumua kwa muda wa kusema rozari moja. Emérance hakuisali. Alikuwa ameshikilia blauzi kwa ngumi, anahesabu pumzi, na alipoikosa moja alingoja ya kufuata, akangoja tena.

Baadaye Lambert alileta karatasi ya kujaza. "Ilianza saa ngapi?"

"Saa sita. Kwa kaburi ya Michel."

Lambert akaandika. Akaangalia saa ya ukutani, akakumbuka saa waliyofika, akaangalia karatasi. Kutoka kwao hadi hospitali ni mwendo wa dakika ishirini hata kwa mzigo, na wao walikuwa wamefika saa nane.

"Walituzuia," Emérance alisema. "Nilikuwa nao, ushahidi. Hapa." Akajigusa kifua. "Nilisimama nao karibu saa nzima, nimeufungia vifungo."

"Mama, walimurusha. Walimupiga. Na moyo ule ulikuwa unaharibika tangu siku nyingi. Pengine hata kama mungepita mara moja, angekufa."

"Pengine."

"Hakuna muntu anajua."

Alisema kwa wema, na kwa sababu ilikuwa ni kwa wema Emérance hakumwamini. Mfanyakazi wa hospitali alimpa pini mbili za bandeji afungie blauzi. Walimwambia mwili ungebaki pale mpaka asubuhi.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima waliporudi. Barthélemy alibeba mianzi, Symphorien alibeba kiti kichwani, mdomo umefungwa kitambaa. Pale kwenye reli miguu chini ya mkeka ilikuwa sasa ya watu watatu. Kaporali aliwaona kwa mbali, akatabasamu, akanyanyua gogo mwenyewe kwa heshima ya mchezo.

"Gavana iko wapi?"

Emérance alisimama mbele yake. Hakuna aliyemwamuru. Akachomoa pini ya kwanza akaitia mdomoni, kama afanyavyo mwanamke anayeshona, kisha ya pili. Akaiachia blauzi ifunguke, akaiacha mikono yake ining'inie.

"Mama, pita tu," sajini alisema kutoka kivulini. "Nani amekuambia ufungue?"

Hakumwangalia. Alimwangalia kaporali, na kaporali, ambaye tangu asubuhi alikuwa ametazama vifua vya mji mzima, aligeuza uso kuelekea ziwani.

"Angalia, shefu," Emérance alisema, pini zikiwa katikati ya meno. "Safari hii sikukawia."